Panya wa Uzi wa Sweta

Uzi mpya wa sweta una harufu ya mafuta kidogo na vumbi kidogo, kama gunia lililokaa karibu na stovu. Nilikua ndani ya harufu hiyo. Nyumba yetu ya Kiganjo, Thika, ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, na upande wa dirisha ndipo ilipokaa mashine ya mama ya kufuma, ndefu kama benchi, ikienda krrr upande huu na krrr upande ule tangu chai ya asubuhi. Mama alifuma sweta za shule. Desemba ndipo wazazi wote hukumbuka kwa pamoja kwamba watoto wamerefuka, kwa hiyo likizo ile nilipokuwa na miaka tisa, nikingoja kuingia darasa la nne, sikumwona mama uso sana. Nilimwona mgongo. Nyuzi zilikuwa kila mahali, bluu ya shule hii, maruni ya shule ile, na nyoya zake zilielea hewani zikaingia mpaka kwenye uji. Vipande vilivyoharibika na mabaki ya nyuzi vilitupwa ndani ya karai chini ya meza. Karai hilo lilikuwa langu, na hakuna aliyeniuliza nafanyia nini vitu vyake.

Nilikuwa mtoto wa haya. Si haya ile ambayo watu wazima husifu wakiita adabu. Yangu ilikuwa ya kusalimiwa na koo likajifunga, halafu mtu akishapita ndiyo unajibu peke yako kwa sauti ndogo, vizuri kabisa, na maneno yote yapo. Ploti yetu ilikuwa na nyumba kumi zilizotazamana, tano huku na tano kule, na katikati uwanja wa saruji wenye tangi la maji na kamba za nguo. Kupita hapo kwenda kuteka maji kulinichosha kuliko kubeba maji yenyewe, kwa sababu ya milango. Keateka, yaani mtunzaji wa ploti, mwanamume tuliyemwita Baba Kamau, aligundua haya yangu mapema akaifanya mchezo wake. Alikuwa akifagia, ananiona na kijerikeni changu, anaegemea fagio. “Bubu wetu, umeamkaje? Usinijibu, maneno yako yananichosha.” Wanawake waliokuwa wakifua walicheka. Mimi nilikimbia, lakini sikumchukia. Yeye peke yake hakuwa na haja nimjibu.

Mlango mmoja tu ndio nilioweza kuusimamia bila jasho, wa nyumba ya mwisho karibu na tangi. Hapo alikaa Shosho Zaituni, mjane Mwislamu aliyezaliwa Majengo, hapo hapo Thika, na aliyeitwa shosho na ploti nzima kana kwamba ni nyanya yetu wote. Alikaa na paka. Kwa wengi wetu paka alikuwa mfanyakazi wa panya, anakula kilichobaki na kulala atakapoona. Wa Shosho alikuwa na sahani yake na kitambaa chake cha kulalia, na jina lake lilikuwa Pilau, kwa sababu alikuwa wa kahawia na mabaka meusi kama karafuu zilizosahaulika kwenye sufuria. Baba Kamau hakuweza kuuacha utani huo. “Shosho, hii Pilau imeiva leo? Nilete sahani?” Na Shosho, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua: “Lete. Ukikwama na kucha kooni usije kunililia.” Walisemezana hivyo karibu kila siku. Nadhani walipendana, jinsi majirani wanavyopendana bila kuingia ndani.

Mwanzo wa likizo ile bodaboda ilimgonga Pilau pale barabarani. Mguu wa nyuma ukapona ukiwa umepinda, na Shosho akaapa paka hatatoka tena nje ya mlango. Akawa anakaa dirishani akitazama ndege kwenye kamba za nguo, ananenepa, na wakati mwingine analia bila sababu. “Amekosa kazi,” Shosho aliniambia, mimi nikiwa nimesimama mlangoni kama kawaida yangu. “Huyu sasa ni mzee aliyestaafishwa kwa nguvu. Mtafutie kazi, Ciru.” Hakungoja nijibu, akarudi kwenye mchele wake. Nilienda nyumbani na kazi hiyo kifuani kama mtu aliyepewa cheo.

Nikaanza. Cha kwanza kilikuwa soksi yangu moja iliyobaki bila mwenzake, nikaijaza maganda makavu ya mahindi, ambayo yakibanwa yanalia kama mtu anatembea kwenye majani, na Pilau akaikumbatia na kuipiga mateke kwa mguu ule mzima mpaka Shosho akacheka akijifuta macho. Cha pili kokwa za makadamia. Malori yaliyopita barabara ya juu yalidondosha chache kila mara, na nilikuwa naziokota zikiwa na ganda lake gumu, mviringo kabisa, na zikitupwa kwenye sakafu ya saruji zinavingirika na mngurumo ambao paka hawezi kuuvumilia. Nilitengeneza handaki la katoni za unga. Nilifunga manyoya ya kuku kwenye ufito. Kila asubuhi nilipeleka kitu kipya, na kidogo kidogo nikavuka kizingiti, nikakaa sakafuni, nikaanza kuongea, kwanza na paka, halafu na Shosho kupitia kwa paka. “Pilau, mwambie Shosho chai inafurika.” “Pilau, mwambie Ciru nimeona.” Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kukaa kwenye sakafu ile, na kanga ya Shosho ikipita karibu na uso wangu na harufu yake ya iliki.

Panya ndiye aliyekuwa kazi yangu kubwa. Mama, kabla ya kuanza sweta, hufuma kipande cha kujaribia mashine, na nilichukua kipande kimoja cha bluu, nikakikunja, nikakijaza mabaki, nikakishona kwa sindano ya mama. Nilimpa masikio ya maruni. Mkia nilisuka nyuzi tatu za bluu kama nywele, mrefu kuliko mkono wangu, ili niukokote sakafuni Pilau afuate. Shosho alimgeuza geuza, akasema ni panya wa kwenda harusini. Kisha akawa makini. Alimshika Pilau, akamfungua mdomo kwa kidole, akaniita nitazame. “Ona ulimi. Una miiba, na yote inatazama ndani. Uzi ukishaingia hapa hawezi kuutema. Atameza tu, atameza tu, mpaka uishe. Huyu panya mkimaliza kucheza analala juu ya kabati. Umenisikia?” Nilisikia. Kila siku, nikimaliza, nilipanda kigoda na kumweka juu ya kabati, kando ya Kurani iliyofungwa kwa kitambaa, na Shosho akaangalia nimweke.

Siku ambayo sikumweka, nilikuwa nikicheza na Pilau karibu na mlango. Wanawake watatu walifika kumtembelea Shosho, wanene, wachangamfu, wakinukia udi. Hawakufanya lolote baya. Walisimama juu yangu wakauliza yale watu wanayouliza. Wewe ni wa nani? Unaitwa nani? Unasoma wapi? Mbona hasemi, huyu? Paka amekula ulimi? Wakacheka, na mmoja akaniinamia anishike kidevu. Niliinuka nikapita katikati yao nikakimbia nyumbani. Nilikuwa nimeshajificha nyuma ya pazia nilipokumbuka kwamba panya yuko sakafuni.

Nilirudi mara mbili. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Mara ya kwanza nilifika kwenye tangi. Mara ya pili nilifika mlangoni kabisa, viatu vyao vikiwa vimepangwa pale, na nikasikia vicheko na vijiko ndani ya vikombe. Ningesema tu, “Shosho, panya.” Maneno mawili. Nilisimama nikiyashika mdomoni mpaka nikasikia kiti kinasogezwa, nikadhani mtu anatoka, nikakimbia tena. Walipoondoka jua lilikuwa limeshafika upande wa pili wa ploti. Nilimkuta panya chini ya meza, ameloa mate, masikio yake yapo. Mkia haukuwepo. Nilitafuta chini ya kiti, chini ya mkeka, ndani ya handaki la katoni. Shosho alikuwa akiosha vikombe, akaniuliza natafuta nini. Nilisema makadamia. Nikamtia panya ndani ya gauni langu nikaenda naye.

Kesho yake Pilau hakula. Alitapika maji ya manjano, akajikunja kwenye kitambaa chake. Siku iliyofuata alikuwa vilevile, na Shosho akamweka ndani ya kiondo, akaniambia nimsindikize mpaka kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo karibu na steji ya matatu, kwa sababu paka alitulia akinisikia. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye koti jeupe. Alimgusa tumbo, akauliza amekula nini. Amekula mfupa, kamba, uzi? Shosho akanigeukia. Nakumbuka uso wake ulivyokuwa wazi. “Huyu ndiye anayecheza naye kutwa. Ciru, alikula uzi?”

Nilitikisa kichwa kukataa.

Hapo hapo Shosho akamwambia yule kijana kwamba wiki ile keateka alikuwa ameweka sumu ya panya. Ilikuwa kweli. Panya walikuwa wametafuna nyaya kwenye stoo ya ploti, na Baba Kamau aliweka sumu humo ndani, akafunga kufuli, akapita nyumba kwa nyumba akituambia. Kijana akasema basi inaweza kuwa hiyo. Tulirudi na unga wa mkaa wa dawa na maelekezo ya kumpa maziwa. Jioni yote tulimnywesha maziwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mimi nikimshika kichwa, Shosho akimbembeleza, tukimtibu kwa nguvu zetu zote ugonjwa ambao hakuwa nao. Ningeweza kusema wakati wowote. Kulikuwa na nafasi kati ya kila tone na tone.

Kisa hiki nimekiandika kwenye daftari langu mara nyingi, na kila mara sehemu inayofuata nimeiruka. Siku ya tatu Shosho alienda dukani akaniacha naye. Nilipomgeuza nimpanguse, nikaona uzi wa bluu umetokeza chini ya mkia wake, urefu wa kidole. Niliuvuta kidogo. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena kwa kiumbe yeyote, nikaacha. Kisha nilienda nyumbani, mama akiwa amenipa mgongo, nikachukua makasi yake madogo ya kukatia nyuzi, nikarudi, nikaukata karibu na ngozi, ili usionekane. Niliutia mfukoni. Shosho aliporudi alinikuta nimemshika mkono Pilau, akaniambia Mungu anibariki.

Pilau alikufa asubuhi iliyofuata, kabla ya mashine ya mama kuanza. Shosho alimfunga kwa leso yake nzuri. Baba Kamau ndiye aliyechimba shimo nyuma ya tangi, bila kuombwa, na safari hii bila utani wowote. Alipomaliza akasimama na jembe lake, akasema, “Pole sana, Shosho.” Shosho aliinua macho kutoka kwenye udongo. Alimtazama.

“Umechimba shimo la kazi yako.”

“Shosho, hapana. Ile sumu iko stoo. Nilifunga. Kufuli hii hapa, na ufunguo ninao.”

“Na chini ya mlango paka hapiti? Ulikuwa ukimtania kila siku, ameiva, ameiva. Sasa umemla.”

“Si ulikuwa utani, Shosho. Pilau alikuwa hatoki hata nje. Angefikaje stoo?”

Swali lake lilikuwa la haki na wote walilisikia. Majirani walikuwa milangoni, mama yangu pia, na vipande vya uzi kwenye sweta yake. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya Shosho na Baba Kamau, nafikia viuno vyao. Baba Kamau akaniangalia, si kwa kunishuku, bali kwa kuomba, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikishinda na paka. “Bubu, waambie. Si alikuwa ndani wakati wote?” Nilitazama udongo. Nikasikia Shosho akisema, “Usimsumbue mtoto wa watu,” akanivuta, akanificha ndani ya kanga yake.

Mwenye ploti alikuja Jumamosi. Wapangaji wawili wenye watoto wadogo walisema hawawezi kukaa na mtu anayetupa sumu ovyo, na mpaka jioni Baba Kamau alikuwa ameambiwa aondoke. Aliondoka kwa mkokoteni, godoro, sanduku, jiko na fagio lake mwenyewe. Miezi miwili baadaye Shosho naye akahama, akaenda kukaa na binti yake Kiuu, kule Ruiru, kwa sababu alisema nyumba ile imemshinda kimya. Aliniachia soksi ya maganda. Mashine iliendelea, krrr na krrr, na shule zikafunguliwa, na watoto wa Kiganjo wakaenda darasani wamevaa bluu ile.

Sasa niko kidato cha tatu. Likizo ya Agosti mama alinituma Kiuu kupeleka sweta kwa mteja, na kwa kuwa alikuwa na namba ya binti wa Shosho, akasema nipite nimsalimie. Nilikuwa nimekaa miaka saba nikijiambia kwamba nikipelekwa karibu yake nitasema. Nyumba ni ya ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, na Shosho amekuwa mdogo, lakini alinijua kabla sijafungua mdomo. Alichemsha chai. Hana paka. Nilimwacha amimine, nikasema yote, tangu wanawake watatu mpaka makasi, bila kuruka. Nilidhani nitalia, na sikulia. Sauti yangu ilitoka wazi kana kwamba nasoma somo mbele ya darasa.

Hakunikemea. Hakunishika pia. Aliweka birika chini taratibu. Nilikuwa nimejiandaa aseme kitu kuhusu Pilau. Hakumtaja.

“Yule mtu,” akasema. “Yuko wapi?”

“Sijui, Shosho.”

“Jina lake nani?”

“Baba Kamau.”

“Hilo ni jina la mtoto wake. Jina lake yeye.”

Nilifungua mdomo, na hapakuwa na kitu. Alikuwa amefagia mlango wetu kila siku tangu nianze kutembea. Tulijua alitoka upande wa Murang'a, tulijua alikuwa na kijana anaitwa Kamau ambaye hatukuwahi kumwona, na hiyo ilitutosha. Shosho naye alitafuta, nilimwona akitafuta, midomo yake ikisogea. Naye hakuwa nalo. “Nilimlaani mtu mbele za watu,” alisema mwishowe, “na hata jina lake sikulijua.” Kisha akanisogezea kikombe. “Umekuja ukiwa mkubwa, Ciru. Ungekuja ulipokuwa mdogo. Ningemkimbilia na mkokoteni wake haujafika barabarani.”

Nyumbani nilimwambia mama pia. Alisimamisha mashine, jambo ambalo halifanyi hata kwa wageni, akakaa amenitazama usoni. Nilipomuuliza jina, alifikiri, akasema, “Baba Kamau si ni Baba Kamau tu,” halafu akajisikia alichosema. Simu yake ya wakati ule, ambayo huenda ilikuwa na jumbe zenye jina hilo, iliibiwa. Ploti iliuzwa, na mwenye ploti wa kwanza alishafariki. Keateka wa sasa ni kijana wa miwani. Nilimuuliza anaitwa nani, jina lake la kitambulisho, akaniuliza kama mimi ni wa serikali.

Watu husema nimebadilika. Shuleni nimechaguliwa kusoma matangazo, na mwalimu wangu haamini nikimwambia zamani sikuweza kuitikia salamu. Nimeuliza kwa fundi wa maji, kwa mama wa mboga, kwa wazee wanaokaa nje ya kinu cha posho, bila haya yoyote, kama wanamkumbuka mwanamume mmoja wa fagio aliyependa utani. Wanamkumbuka. Wanacheka hata, wakikumbuka alichowaambia. Wananiambia, ndiyo, Baba Kamau, mtu mzuri sana yule, alipotelea wapi?

Jumapili baada ya saa sita Shosho hupiga simu. Hanisalimii kwanza kama watu wa umri wake. Huuliza tu, “Umelipata?” Nami humjibu, “Bado, Shosho.” Hukaa kidogo kwenye simu, nasikia magari ya Kiuu yakipita chini ya dirisha lake, halafu hukata.